Barua kwa mwanangu: Lugha yenye wasemaji wachache

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama kujifunza lugha yenye wasemaji wachache ni kujisumbua bure. Umeanza kwa kuhesabu wasemaji wote duniani; mimi ningeanza kwa kuwahesabu wale utakaoongea nao kila wiki. Lugha ya watu milioni mia moja usiyo na wa kuizungumza naye itakukauka mdomoni. Ya watu elfu kumi, wawili kati yao wakiwa majirani zako, itakaa.

Usidhani pia kwamba lugha ndogo ni ngumu zaidi. Taasisi ya serikali ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia hukadiria kuwa mwenye Kiingereza anahitaji saa 1,100 hivi za darasani kujua Kiaislandi, chenye wasemaji wasiofika 400,000, na saa 2,200 kujua Kichina. Sasa piga hesabu: nusu saa kwa siku ni saa 182 kwa mwaka, kwa hiyo saa 1,100 ni miaka sita. Jiwekee lengo la kuzungumza mambo ya kila siku, la kusema kama mzawa lisubiri.

Kazi zipo, ingawa si nyingi. Kiayalandi, lugha ya asili ya Ayalandi, kilifanywa lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya mwaka 2007, lakini kwa muda hati nyingi ziliruhusiwa zisitafsiriwe kwa kuwa wafasiri hawakutosha. Ruhusa hiyo ya muda ilikoma rasmi mwaka 2022. Nafasi zilikuwepo, watu ndio waliokosekana. Hata hivyo, kama ni mshahara tu unaoutaka, chagua kitu kingine.

Kinachowaangusha wengi ni vitabu. Kamusi ukiipata, tazama mwaka ilipochapishwa, maana tahajia huenda imebadilika, kisha tazama kama inaonyesha toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno. Kiyoruba si lugha ndogo, lakini kinafaa kwa mfano: ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọkọ̀ ni chombo cha kusafiria. Lugha nyingi zenye toni huandikwa bila alama hizo, na anayesoma peke yake hujifunza makosa kwa bidii kubwa.

Kwa hiyo rekodi sauti. Omba ruhusa kwanza, useme itahifadhiwa wapi na nani ataisikia. Zima feni, weka simu kama sentimita 20 kutoka mdomoni, na ukiweza hifadhi kwa faili la aina ya WAV, kwa sababu lile la MP3 hupunguza sehemu za sauti. Chukua sentensi 20, kila moja isemwe mara tatu. Ya kwanza mara nyingi huwa ya polepole mno, na ya tatu hushuka kama ya mtu anayemaliza orodha. Ya katikati ndiyo ya kuiga.

Usiulize "kwenda mnasemaje?" Utapewa neno moja lisilokufikisha popote. Omba "ninakwenda", kisha "nilikwenda", "sikwenda", "hawakwenda", ukibadilisha kitu kimoja kila mara. Ziandike moja chini ya nyingine na utaona kiambishi kikihama mbele ya macho yako. Wazee na vijana wakikupa majibu tofauti, usiwasuluhishe. Andika yote mawili na nani kasema lipi, kisha fuata usemi wa yule unayeonana naye zaidi.

Tatizo kubwa kuliko yote ni hili: ukigugumia kidogo, mwenzako atahamia lugha kubwa mnayoijua wote. Anafanya hivyo kwa wema, na wema huo ndio unaoua masomo. Patana naye dakika 20 zenye mwanzo na mwisho, bila kuhama. Kabla ya hapo kariri "sema tena polepole", "hiki mnakiitaje?" na "nimekosea wapi?" Hizo tatu zitakuokoa kuliko majina ya wanyama hamsini.

Maneno mapya kumi kwa siku yanatosha, ndani ya sentensi, ukiyarudia baada ya siku 1, 3, 7 na 21. Ukiyaruka marudio, mengi yatakuponyoka.

Ikipita miezi mitatu hujapata hata mtu mmoja wa kuongea naye, kwa simu au ana kwa ana, iache kwa sasa. Rekodi zako usizifute.

Ni mimi,
Mama yako