Mjomba, malisho ya wote yana mwenyewe

Mjomba, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, nimesimama kituoni Visp, Uswisi, nikisubiri treni. Umesema kikao cha kijiji kimekaribia na wewe utakuwa upande wa wanaotaka nyika ya malisho ikatwe vipande, kila mtu apewe chake, kwa sababu cha wote hakina mwenyewe. Ukaongeza kwamba hata huku niliko, Wazungu waliendelea kwa kugawana ardhi, kila mmoja na hati yake. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Nimeona nikujibu hadharani, kwa sababu hauko peke yako katika kuamini hivyo.

Juu ya mahali ninapokaa kuna kijiji kinaitwa Törbel, katika jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi. Unachukua treni kufuata mto Vispa mpaka Stalden, kisha basi la njano linapanda kona juu ya kona hadi kwenye mwinuko wa kama mita 1,500. Tambarare hakuna. Nyumba za mbao zimeungua jua mpaka zikawa nyeusi, na maghala ya nafaka yamesimama juu ya miguu yenye visahani vya mawe ili panya asipande. Wakazi ni kama 500 tu. Nimepanda huko mara nyingi, na kila mara nikiwaona ng'ombe nakukumbuka wewe.

Usidhani kwamba penye theluji pana maji tele. Safu za milima kaskazini na kusini zinayazuia mawingu, na hapa bondeni mvua na theluji ya mwaka mzima ni kama milimita 600, karibu sawa na Dodoma. Kwa hiyo tangu zamani watu wa Valais wamechimba mifereji ubavuni mwa milima kuleta maji ya theluji na barafu inayoyeyuka, na kila familia ilikuwa na saa zake za kumwagilia. Haki hizo zilichongwa alama kwenye vijiti vya mbao.

Sasa nisikilize kwa makini hapa, Mjomba. Watu wa Törbel umiliki wa mtu binafsi waliujua vizuri sana. Bustani, mashamba ya rai (nafaka iliyo ndugu wa ngano), mizabibu ya chini karibu na bonde, na majani ya kukata na kukausha kwa ajili ya majira ya baridi, vyote vilikuwa na wenyewe. Watoto wote walirithi sawa, wa kiume na wa kike, hata mashamba yakawa vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika mlimani. Hata nyumba moja iligawanywa: ghorofa ya chini ya familia hii, ya juu ya familia ile. Wamezoea hati na mipaka kuliko sisi.

Lakini malisho ya juu ya mlima, yale ya majira ya joto, pamoja na msitu, hawakuyagawa. Sababu ni ile ile ambayo wewe mwenyewe ulinifundisha nikiwa mdogo tukichunga. Juu kule nyasi ni haba na eneo ni kubwa. Mwaka huu upande mmoja unawahi kuota, mwakani theluji inachelewa kuyeyuka pale pale na upande mwingine ndio unaotoa. Mwenye kipande kimoja angeweza kukosa kabisa huku jirani yake ana nyasi za kumwaga. Na uzio wa kulinda kipande hicho ungegharimu kuliko nyasi zilizomo. Shamba la rai ukilitunza linakulipa, kwa hiyo lipewe mtu. Malisho mapana ya kubahatisha yanahitaji kundi zima la ng'ombe lihame pamoja.

Na hawakuyaacha hivi hivi. Maandishi ya kijiji kuhusu ardhi yanaanzia mwaka 1224. Tarehe 1 Februari 1483 wakazi walitia saini hati ya kuanzisha ushirika wa kusimamia malisho na msitu. Mwaka 1517 wakaandika kanuni ambayo ningependa uisome kikaoni: hakuna mwenyeji anayeruhusiwa kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi kwa majani yake mwenyewe. Umeona akili iliyomo? Ng'ombe walihesabiwa wakati wa kupanda mlimani, na hakuna aliyeweza kudanganya, kwa sababu ghala lake la majani kila jirani alilijua. Aliyezidisha alitozwa faini, na msimamizi aliyemkamata alichukua nusu ya faini hiyo, kwa hiyo hakufumba macho. Mwisho wa msimu jibini iligawanywa kwa kufuata idadi ya ng'ombe wa kila mtu.

Msituni vilevile. Msimamizi aliweka alama kwenye miti iliyofaa kukatwa, vikundi vya kaya vilikata, vikaburuta, vikapanga kuni katika marundo yaliyolingana, kisha ikapigwa kura nani achukue rundo lipi. Ukijua kura ndiyo itakayoamua, utapanga marundo sawa.

Mwaka 1968 msomi wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika hoja kama yako: kila mchungaji ataongeza ng'ombe mmoja zaidi, kwa kuwa faida ni yake na hasara ni ya wote, mpaka malisho yafe. Miaka ya 1970 Mmarekani mwingine, Robert Netting, alikuja kufanya utafiti Törbel. Kabla ya hapo alikuwa ameishi na wakulima wa Kofyar katika nyanda za juu za Jos, Nigeria. Alikuta malisho yaliyotumiwa pamoja kwa karne tano na hayajafa. Elinor Ostrom, msomi wa siasa wa Marekani, akakichukua kijiji hiki kama mmoja wa mifano yake mikubwa ya mali ya pamoja inayodumu, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hardin alikuwa anaeleza ardhi isiyo na mlango. Ya Törbel ina mlango, na funguo wanazo watu wanaojulikana.

Mlango huo ulikuwa mgumu, sikufichi. Hati ya 1483 ilimzuia mgeni kupata haki ya malisho hata kama amenunua shamba kijijini. Mimi niliye mgeni nchi hii naliona hilo kuwa kali, na likiletwa kwetu, ambako wafugaji wa mbali hupita wakati wa ukame, litaleta damu. Gharama nyingine waliilipa wao wenyewe: watu walichelewa kuoa na kuolewa, wengine hawakuoa maisha yao yote, wengine wakahama, ili midomo isizidi ardhi.

Siku hizi wengi wanashuka kufanya kazi Visp, kwenye kiwanda cha dawa cha Lonza, na ng'ombe wamepungua sana. Lakini majira ya joto wengine bado wanapanda juu, Moosalp, na kengele zao zinasikika mbali.

Mjomba, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kutolewa kwa kikundi. Kabla hujanyoosha mkono kikaoni, zunguka na wazee mhesabu jambo moja: kiangazi kikikaza, kisima na nyasi zilizobaki zinabeba ng'ombe wangapi, na kila boma lina wangapi. Nitumie hesabu hiyo, hata kwa sauti. Nitaiandika vizuri, niirudishe kwako kabla ya siku ya kikao.

Mpwa wako,
Visp