Gobore la babu lisichokonolewe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wetu wa kuchomelea vyuma. Juzi mmoja wao hapa Arua alinionyesha gobore la marehemu babu yake. Anataka kung'oa kile kijibomba kinachovishwa fataki ya shaba, yaani kikofia kidogo kinacholipuka na kuwasha baruti, atengeneze mahali pa kuweka fataki ya shotigani.

Hoja yake ina msingi. Fataki ya zamani ikipata unyevu wa mvua hulia "ta!" na baruti haiwaki, ilhali ya shotigani ina moto mkali zaidi na hustahimili unyevu. Huko Marekani bunduki nyingi za kisasa za kushindiliwa baruti mdomoni huitumia. Lakini hizo zimeundwa kwa ajili yake tangu kiwandani, kwa chuma imara.

Nilimulika tochi kwenye mtutu wa kijana huyu. Kutu imekula ndani, na pale kijibomba kilipokazwa pana ufa mwembamba kama unywele. Pakipasuka hapo, moto unamrudia mfyatuaji usoni. Mimi mwaka 1984 niliungua kope na shavu la kulia kwa gobore lililokuwa na fataki yake ileile ya kawaida. Kovu ningali nalo.

Isitoshe, hapa Uganda kumiliki au kuunda bunduki bila kibali ni kosa. Nimemsihi alisalimishe polisi, na kama anaogopa kwenda peke yake tutafuatana na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Namngoja anijibu.

Mzee mstaafu,
Arua