Kubwa kwa kipimo gani?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika na shikamoo zako tumezipokea sote. Marahaba, mama. Bibi yako ametaka asomewe mara mbili, na mara ya pili akauliza kama kweli mnalishwa vizuri huko bwenini au unatuficha.

Nafasi ya kukujibu kwa kirefu nimeipata kwa sababu mwezi umejaa. Dagaa wetu ni wa gizani, ndiyo maana tunawavua kwa taa. Mbalamwezi ikishatanda ziwani taa haiwavuti tena. Kwa hiyo mitumbwi imevutwa nchi kavu, vijana wanaziba nyavu, na mimi nimekaa kivulini na ile atlasi yako iliyong'oka jalada.

Umeniambia umeingizwa kwenye timu ya chemsha bongo, upande wa jiografia na mambo ya dunia, na unataka nikuchagulie maswali. Nitakuchagulia, ila kuna mtego mmoja nataka uujue kabla hujapanda jukwaani. Watunga maswali wanapenda sana "kubwa kuliko yote", "refu kuliko yote", halafu hawasemi kwa kipimo gani. Mwenye haraka anabonyeza kengele na kuumbuka.

Anza na ziwa letu hili. Kwa eneo, Victoria ni la kwanza Afrika, kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kati ya maziwa ya maji baridi duniani linatanguliwa na Superior tu, lile la Marekani na Kanada. Lakini mwulizaji akigeuza swali na kuuliza kina, tumekwisha. Penye kina kirefu zaidi Victoria lina mita 80 hivi, wakati Tanganyika, ambalo kwa eneo halifiki hata nusu ya letu, linashuka mita 1,470. Duniani linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake, lenye mita 1,642. Akiuliza ujazo wa maji, ndiyo kabisa: Tanganyika lina maji zaidi ya mara sita ya yetu. Letu ni sinia, la Kigoma ni mtungi. Na Baikal peke yake linabeba karibu sehemu moja ya tano ya maji baridi yote ya juu ya ardhi ambayo hayajaganda.

Usione haya kwa ajili ya sinia letu, lakini. Chukua Rwanda nzima, iweke humo. Ongeza Burundi nzima. Bado nafasi ipo, unaweza kuitia na Gambia, na maji yatabaki pembeni ya kuendeshea mtumbwi. Swali hilo nililijaribu kwa vijana wa pale mwaloni na hakuna aliyeniamini mpaka nilipojumlisha mchangani kwa kijiti.

Kuna jingine la hapahapa ambalo wengi hukosa: maji ya ziwa hili hutoka wapi hasa? Watu husema mto Kagera, na kweli Kagera ndio mkubwa kati ya mito inayoingia. Lakini takriban asilimia 80 ya maji ni mvua inayonyesha ziwani moja kwa moja. Sehemu kubwa hurudi angani kwa jua, na yanayobaki hutoka kwa mlango mmoja tu, pale Jinja, Uganda, yakaanza safari ya Nile.

Sangara naye ni swali zuri. Ukiulizwa kama ni samaki wa asili wa Ziwa Victoria, jibu ni hapana. Aliletwa na watu miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, akapandikizwa. Wenyeji wenyewe walikuwa furu, wa aina mamia, wengi wao hawapatikani penginepo duniani, na aina nyingi zimetoweka tangu sangara aanze kuwala. Ajabu ya furu ni kwamba wanasayansi waliochimba tope la chini ya ziwa waligundua lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, likajaa upya. Kwa hiyo utitiri ule wa aina ulitokea kwa muda ambao kwa hesabu za viumbe ni kufumba na kufumbua. Bibi yako hahitaji tope. Kwake sangara ni mgeni tu hadi leo, na akipikiwa husema nyama yake haina adabu.

Halafu lipo swali la nani "aligundua" ziwa. Wanalotaka ni John Hanning Speke, tarehe 3 Agosti 1858, akiwa huku kwetu Mwanza. Lijibu hivyo upate alama yako. Moyoni ujue kwamba habari za ziwa alipewa na wafanyabiashara Waarabu aliowakuta Tabora, na alipofika alikuta watu wanaishi hapa na kuvua samaki. Kugundua kwa kipimo gani, sasa?

Milima ina mtego uleule. Everest, mita 8,849, ni mrefu kuliko yote ukipima kutoka usawa wa bahari. Ukipima kutoka kitako cha mlima hadi kileleni, Mauna Kea wa Hawaii unaupita, una zaidi ya mita 10,000, ila sehemu kubwa imezama baharini. Na ukipima kutoka katikati ya Dunia, kilele kilicho mbali zaidi ni Chimborazo wa Ecuador, kwa sababu Dunia si tufe kamili, imetuna kwenye Ikweta, na Chimborazo uko karibu kabisa na mstari huo. Kilimanjaro, mita 5,895, hauna ugomvi: wa kwanza Afrika.

Jangwa kubwa kuliko yote si Sahara, ni Antaktika, maana jangwa hupimwa kwa uchache wa mvua na theluji, si kwa joto. Nchi yenye saa nyingi tofauti si Urusi yenye 11, ni Ufaransa yenye 12, kwa sababu ya visiwa na maeneo yake yaliyotawanyika kwenye bahari za mbali. Ikweta haikanyagi ardhi ya Guinea ya Ikweta hata mahali pamoja; inapita baharini, katikati ya visiwa vyake. Hilo la mwisho lifiche mpaka fainali.

Nchi kubwa kuliko zote Afrika ni Algeria. Atlasi yako hii imechapishwa zamani, inaonyesha Sudan nzimanzima, kwa hiyo mtu akiisoma atajibu Sudan. Sudan Kusini ilijitenga mwaka 2011 na Algeria ikapanda. Nimekupigia mstari kwa kalamu nyekundu ukurasa huo usije ukakariri.

Nchi ndogo kuliko zote ni Vatican, yenye kilomita za mraba 0.44. Ili usiisahau, fikiria Saanane, hifadhi yetu ya taifa hapa mjini, ambayo ukihesabu na maji yake ina kilomita za mraba 2.18. Papa angeweza kuhamia na nchi yake yote, na Saanane ingeibeba zaidi ya mara nne. Kuhusu pimbi wa pale wangemchukuliaje, sijui.

Na wale sokwe wa Rubondo, kisiwa cha hifadhi humu ziwani? Kila mtu atasema waliletwa kutoka Gombe, kwa kuwa ndiko sokwe wetu wanakojulikana. Walitoka Ulaya. Walikuwa wamefungiwa huko kwenye bustani za wanyama na kwingineko, wakaletwa na kuachiwa kisiwani kati ya 1966 na 1969. Wakajifunza upya kulala mitini, na wajukuu wao leo ni sokwe wa porini kabisa. Kati ya maswali yote niliyokuandikia, hili ndilo ninalolipenda.

Mama yako amepita akaona karatasi, akasema nimekujazia maji na milima na ninyi vijana mnaulizwa muziki. Haya. Freddie Mercury wa kundi la Queen alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Ukiulizwa kama alizaliwa Tanzania, kuwa makini: Tanzania ilikuja 1964, kwa Muungano. Alizaliwa mahali ambapo leo ni Tanzania, na mtunga maswali mzuri atakubali utofautishe.

Jingine la mama yako: wimbo wa Michael Jackson wa 1987, "Liberian Girl", unaanza kwa maneno ya Kiswahili, yanayosemwa na mwimbaji wa Afrika Kusini, Letta Mbulu. Liberia yenyewe iko Afrika Magharibi na watu wake hawazungumzi Kiswahili. Mama yako ameucheka tangu ujana wake na bado anauimba akianika dagaa, kwa sauti ambayo majirani wamezoea.

Nimekuandalia na maswali mengine kwenye karatasi ya pili, bila majibu. Yajibu na wenzako, mkibishana mwulizeni mwalimu wa jiografia, mkimshinda naye niandikieni. Na siku ya mashindano, swali likiwa na "kuliko yote" ndani yake, inua mkono uombe kipimo. Mwamuzi akinuna, muombe tena kwa adabu. Ni haki yako.

Karatasi hizi amezibeba dereva wa basi, pamoja na elfu ishirini ya matumizi na kopo la dagaa wa kukaanga. Mfuniko wake haukazi vizuri, usiliweke juu ya madaftari.

Baba yako