Ubao wa tezi umeoza, swahiba

Pangani, Jumapili jioni

Swahiba,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mtoto kapona homa. Usininunie kwa kimya: simu ilitumbukia baharini na namba zote zikaenda nayo, ndiyo maana barua hii unaletewa na dereva wa basi.

Boti imeoza. Faiba yenyewe nzima, kilichooza ni ule ubao wa tezi, wa nyuma ya boti, uliofichwa ndani yake, pale tunapofunga mashine. Jumanne natoka Maziwe, naongeza moto, naona mashine inalala nyuma kama mlevi anayetafuta ukuta. Nikazima, nikarudi kwa kasia. Ufukweni nikagonga kwa nyundo: juu palilia ko, ko; chini kwenye bolti, bu. Nikatoboa kwa drili, kikatoka kitu kama majani ya chai yaliyochujwa. Maji yakafuata, yakachuruzika mpaka nikamaliza sigara.

Sasa, unazikumbuka zile skrubu nne za kishikio cha mishipi, pale pale tezini? Nani alizipiga bila silikoni akasema “zitashika tu”? Mimi simtaji mtu. Mzee Kombo anasema maji ya chumvi yasingeuozesha hivi, ni mvua ya masika iliyojaa humo boti ilipolala chini ya mkungu. Hapo kasema kweli. Halafu akataka tupake sifa, yale mafuta ya papa! Nimemwambia faiba hainywi sifa, kanuna hadi leo.

Fundi mmoja alinishauri nipigilie bati kwa nje, yaishe. Mashine ina zaidi ya kilo 70, bati litashika nini? Nitakata ganda la ndani tu, la nje nililiache liwe kalibu, nikwangue uozo wote kwa patasi, nikaushe hata wiki mbili. Kisha nigandishe plaiwudi mbili za milimita 18 kwa gundi ya epoksi, nifunike kwa kitambaa cha faiba. Safari hii nakoroga kikombe kikombe, tena alfajiri. Ile ndoo ya rezini iliyofuka moshi saa sita mchana bado ipo, na brashi yangu imo ndani; shemeji yako anaegeshea mlango.

Ndipo ninapokuhitaji. Nitafutie plaiwudi ya marini, ile ya boti, shiti moja ya futi nane kwa nne. Usikubali ya dari. Huku kila duka linasema yake ni marini. Tazama ukingo kama una matundu kati ya tabaka, na uombe kipande ukichemshe saa nzima, zikiachana, warudishie. Na hizo skrubu... basi, tuyaache. Ila matundu mapya nitatoboa makubwa, nijaze epoksi, ikikauka nitoboe tena ya bolti. Wewe na drili yako mkae mbali.

Shiti bei gani huko siku hizi? Basi litakubali kuipakia juu, au nije mwenyewe? Mguu wa Mama unaendeleaje? Yule bwana wa Kigamboni kakulipa? Na zile skrubu, hata za chuma cha pua hazikuwa, au nakusingizia?

Wako,
Mwinyi