Bedlam: barua kwa Baba

London

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, na watoto wanakusalimu wewe na Mama.

Uliniuliza mtangazaji wa mpira alikuwa na maana gani aliposema kwa Kiingereza kwamba uwanja mzima ulikuwa bedlam baada ya lile bao la dakika za mwisho. Alitaka kusema kwamba palikuwa na vurumai tupu, watu wakipiga mayowe na kukumbatiana na wasiowajua. Siku hizi neno hilo hutumika kwa furaha iliyopita kiasi kama linavyotumika kwa fujo, lakini asili yake si ya furaha hata kidogo.

Mwaka 1247 ilianzishwa hapa London nyumba ya watawa ya Mtakatifu Maria wa Bethlehemu, mahali ilipo sasa stesheni ya Liverpool Street. Jina la Bethlehemu lilizidi kufupishwa vinywani mwa wenyeji hadi likawa Bedlam. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1400 nyumba hiyo ilikuwa ikiwatunza wagonjwa wa akili, na baadaye jina lake likahamia kwa wagonjwa wenyewe, kisha kwa kelele na ghasia za aina yoyote, kama ambavyo kwetu mtu akifanya visivyoeleweka huambiwa ametoka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, na anayesema hivyo pengine hajawahi kufika huko.

Mwaka 1676 hospitali ilihamishiwa Moorfields, katika jengo la fahari lililosanifiwa na Robert Hooke. Huko, kwa miaka mingi, watu wa mjini walikuwa wakienda kuwatazama wagonjwa kama watu waendao kwenye tamasha, wakiacha sadaka mlangoni, hadi ruhusa hiyo ilipobanwa mwaka 1770. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya kelele zilizolipa neno hilo sifa yake ilitoka kwa wageni hao, waliokuwa wakicheka na kuwachokoza wagonjwa, ingawa lawama yote iliwaangukia waliofungiwa ndani.

Hospitali yenyewe, Baba, ingali ikitibu wagonjwa huko Beckenham, ilikohamia mwaka 1930, na jengo ililoliacha kule Southwark, ilikokuwa baada ya Moorfields, sasa ni makumbusho ya vita.

Msalimie Mama na jirani zetu wote.

Mwanao akupendaye