Mpime Salma kwa karti ile ile

South B, Nairobi
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Salma,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako baridi ya Julai imekataa kuondoka ingawa Agosti imeshaingia. Barua yako niliipata Alhamisi pamoja na kifurushi cha achari, na nakushukuru kwa vyote viwili. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa kitako, kwa sababu ulichouliza si jambo la kujibiwa kwa ujumbe wa simu. Unataka kujua kama kuna maana yoyote ya kuendelea kumlipia Salma raundi za karti, vile vigari vidogo vya mashindano, ilhali mjomba wake amerudi Mombasa akitangaza sebuleni kwamba amemwona kwa macho yake mwenyewe na kwamba mtoto hana mkono wa gari. Mimi nilikuwapo siku hiyo, tena nikiwa na saa mkononi, kwa hiyo naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujaamua.

Siku ile pale Langata, Salma alipewa karti namba 11 na binamu yake, mwana wa huyo mjomba, akapewa namba 4. Hizi karti za kukodi, dada yangu, hazilingani hata kama zimepakwa rangi moja: injini ya hii fundi ameifungua juzi, ya ile haijaguswa tangu mwaka jana, hapa tairi limelika upande mmoja, pale kanyagio la mafuta limelegea. Nilimwona Salma akitoka kwenye kona ya mwisho amekanyaga mafuta hadi chini, nayo injini ikinguruma kivivu kama jenereta lenye maji kwenye tangi. Muda wake bora ulikuwa sekunde mbili na nusu nyuma ya ule wa binamu. Hapo ndipo mjomba alipotoa hukumu, akaondoka kwenda kununua soda, na hakurudi mpaka watoto wamekwisha kuvua kofia.

Alichokosa kukiona ni hiki. Nilimwomba kijana msimamizi awabadilishie karti, naye akakubali. Salma, akiwa sasa na namba 4, alipunguza sekunde tatu kamili katika muda wake, maana yake akaushinda muda ambao binamu aliupata kwa karti hiyo hiyo. Binamu naye, aliposhuka kwenye namba 11, alisema ina breki mbovu, na muda wake ukawa mbaya kuliko ule wa Salma kwa zaidi ya nusu sekunde. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na simlaumu mtu kwa kumpenda mwanawe, lakini kama alikuwa anapima vipaji, basi alichokipima ni injini mbili.

Sitaki hata hivyo nikupe sifa zisizo na ukweli. Salma ni mwepesi kuliko binamu yake, labda kwa kilo ishirini, na kwenye karti yenye injini ndogo uzito huo ni muda. Wakubwa wa mchezo wanalijua hilo vizuri: katika langalanga, yaani Formula One, mwaka 2019 waliweka kanuni kwamba dereva pamoja na kiti chake wahesabiwe kuwa si chini ya kilo 80, na aliyepungua huongezewa vyuma mpaka afike. Kwa hiyo ukitaka kuniuliza ni nini hasa kilichoniridhisha, si ile nusu sekunde. Ni mikono yake. Binamu alikuwa anauvuta usukani huku na huku kama anayesaga nazi, matairi yanapiga kelele, na kila mara karti inatoka konani ikiwa imekufa kasi. Salma alikuwa anafunga breki karti ikiwa imenyooka, anageuza mara moja tu, kisha mikono inatulia. Zaidi ya hayo, kulikuwa na tairi moja jeupe pembeni mwa njia kabla ya ile kona kali, na niligundua kwamba raundi mbili za kwanza alianza kufunga breki kabla ya kulifikia, ya tatu akafunga akiwa sambamba nalo, ya nne akalipita kwa hatua mbili hivi. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa anapima mwenyewe mahali pa kufungia breki, na mtoto wa miaka kumi na nne anayefanya hivyo bila kuambiwa ana kitu.

Nimekwambia yote haya kwa urefu kwa sababu kisa cha mjomba si kipya. Kimetokea kwa watu wazima, mbele ya dunia nzima. Mwaka 1992 mwanamke wa Kitaliano, Giovanna Amati, alipewa kiti katika timu ya langalanga ya Brabham, ambayo wakati huo ilikuwa imebaki na jina tu, haina fedha wala gari la maana. Alijaribu mara tatu kufuzu na mara tatu akashindwa, akaondolewa. Kiti kile akakalishwa Damon Hill. Mwaka huo Hill alijaribu mara nane na gari hilo, akafuzu mara mbili peke yake. Miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Sisemi kwamba Amati alikuwa Hill. Hata mwenzake wa timu alikuwa akimwacha. Nasema tu kwamba Hill aliposhindwa kufuzu watu walilaumu gari, na aliposhindwa Amati walilaumu wanawake, na tangu mwaka ule hakuna mwanamke mwingine aliyeandikishwa kushindana katika mbio zozote za ubingwa wa langalanga.

Ndiyo maana mimi hupenda zaidi rali, na si kwa sababu tu nimezaliwa huku. Katika rali magari huondoka moja moja, kila dereva yuko peke yake na mwelekezi wake, njia na saa, hakuna wa kumziba wala wa kumsukuma. Hata hapo kuna hila zake, kwani aliyetangulia hufagia changarawe kwa ajili ya wenzake, na anayekuja nyuma hukuta mitaro iliyochimbwa na matairi au vumbi lililokataa kutulia. Wewe mwenyewe uliliona vumbi la Kedong nilipokupeleka Naivasha kutazama rali, ukarudi na kitambaa cheupe kimekuwa cha udongo. Lakini ukiwa na madereva wawili wenye gari la aina moja, katika timu moja, kwa msimu mzima, hapo umepata mizani.

Na mizani hiyo ilishatumika. Mfaransa Michèle Mouton alishinda rali ya Sanremo, Italia, mwaka 1981 kwa gari la Audi Quattro, akielekezwa na mwanamke mwenzake, Fabrizia Pons, na mpaka leo hakuna mwanamke mwingine aliyeshinda raundi ya ubingwa wa rali duniani. Mwaka uliofuata akashinda tatu: Ureno, Ugiriki na Brazili. Bingwa wa mwaka huo, Walter Röhrl, alishinda mbili, ila alikusanya pointi nyingi zaidi kwa kumaliza vizuri karibu kila alikokwenda, 109 kwa 97. Wenye kubisha husema, na si bila sababu, kwamba Quattro lilikuwa linasukuma kwa magurudumu yote manne ilhali Opel ya Röhrl ilisukuma kwa mawili ya nyuma. Haya, tukubali kwamba gari lilimbeba. Basi tumtazame Hannu Mikkola, dereva mkubwa kweli kweli, aliyekuwa na Quattro hilo hilo katika timu hiyo hiyo mwaka huo huo, na ambaye ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa 1983. Mwaka 1982 Mikkola alikuwa wa tatu kwa pointi 70. Hapo ndipo ubishi unapopaswa kunyamaza, ingawa haunyamazi. Raundi iliyoamua ubingwa huo ilikuwa Ivory Coast, na baba yake Mouton alifariki muda mfupi kabla ya mbio kuanza. Alikimbia hata hivyo, akaongoza, kisha akapata ajali na kutoka kabla ya mwisho. Kuna watu wanaoikumbuka ile ajali tu.

Huku kwetu alikuja mwaka 1983, akamaliza wa tatu katika Safari Rally, nyuma ya Ari Vatanen na huyo huyo Mikkola. Nalo la tatu si jipya kwa wanawake hapa. Mwaka 1962 Pat Moss, Mwingereza, alimaliza wa tatu katika mbio hizi hizi akiwa na Saab ndogo, miaka ambayo Safari ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika na matope yake. Pat alikuwa tayari ameshinda mbio ndefu za Liège–Rome–Liège mwaka 1960. Kinachonichekesha, na labda kinisikitishe, ni kwamba kaka yake, Stirling Moss, dereva mashuhuri kuliko wengi, alikuja kusema uzeeni, mwaka 2013, kwamba ana mashaka kama wanawake wana akili ya kuhimili ushindani wa langalanga. Mtu aliyekula meza moja na Pat! Ukiona hivyo utajua kwamba mjomba wa Salma yuko katika kundi kubwa.

Wa kwetu nao hawakosi maneno. Orie Rogo Manduli aliposhika usukani katika Safari miaka ya sabini, wengi walitazama nguo na kilemba kuliko gia. Maxine Wahome alipokuwa mshindi wa WRC3, daraja la tatu la rali ya dunia, katika Safari ya mwaka 2022, akielekezwa na Murage Waigwa, nilimsikia jamaa mmoja kwenye matatu akisema kwamba alishinda kwa sababu wengine waliharibikiwa. Nilitaka kumjibu nikashuka Nyayo kabla sijapata nafasi, kwa hiyo nakujibu wewe. Safari haijawahi kuwa kitu kingine ila kufika wakati wengine wameharibikiwa. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu, na waliofika wanaitwa mashujaa hadi leo. Hakuna aliyesema Nick Nowicki, mshindi wa miaka yote miwili, alibahatika kwa kuwa wenzake walikwama matopeni. Kulinda gari kwenye mawe ni ufundi, na ukiangalia kwa makini ni ufundi ule ule wa mikono iliyotulia.

Uliniuliza pia kuhusu zile mbio za wasichana watupu, kama zinafaa. Hapa nina mawazo mawili na sijaona sababu ya kuyapatanisha. Zinawapa wasichana magari yanayofanana na, muhimu zaidi, kilomita, kwa kuwa kinachomkuza dereva ni saa za kukaa kwenye kiti, na saa hizo zinauzwa ghali. Lakini hazimwambii mtu yuko umbali gani na wavulana. Jamie Chadwick wa Uingereza alishinda ubingwa wa W Series, mbio za wanawake peke yao, mara zote tatu ulipotolewa, 2019, 2021 na 2022, kisha mbio zenyewe zikakwama kwa kukosa fedha, naye akaenda Marekani katika Indy NXT, ngazi iliyo chini ya mbio kubwa za IndyCar, kushindana na wanaume. Msimu wake wa kwanza ulikuwa wa tabu. Wa pili, mwaka 2024, akashinda mbio za uwanja wa Road America. Angepimwa kwa msimu wa kwanza peke yake, angekuwa amekwisha kurudishwa nyumbani. Sasa iko F1 Academy, mbio nyingine za wasichana, iliyoanza 2023, na tutaona itamfikisha nani wapi.

Siku ile, Mama Salma, nilihesabu watoto uwanjani: wavulana kumi na wanne na Salma. Katika kumi na wanne, wapo wabovu kama kumi, na hakuna aliyewaona, kwa sababu macho yote yalikuwa kwa yule mmoja mwenye ushungi chini ya kofia.

Basi ushauri wangu ni huu. Usimlipie kila wiki, fedha hazitoshi na wala haihitajiki. Mlipie mara moja kwa mwezi anapokuwa Nairobi, nami nitamsindikiza. Mnunulie daftari. Kila akishuka aandike namba ya karti, kama njia ilikuwa kavu au ina maji, uzito wake, na muda wa raundi zote, si ile moja bora tu, kwa kuwa raundi moja nzuri hata mimi naweza kuiokota. Na pale inapowezekana, amwombe msimamizi abadilishane karti na mwenzake. Baada ya mwaka mmoja tutalifungua daftari mimi na wewe, na mjomba akipenda aje na miwani.

Likizo ya Desemba mlete na viatu vyenye soli nyembamba, vile vya raba alivyokuja navyo ni vizito na mguu hausikii breki. Kofia nimempatia, ya mwanangu, imemtosha tukiweka kitambaa kidogo nyuma. Nisalimie Baba Salma, na huyo mjomba pia, mwambie soda yake nililipa mimi.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Juma