Mwanangu, ile bangili yako ninayo

Mwanangu mpendwa,

Natumaini Kampala ulifika salama. Barua hii nampa shangazi yako akuletee mkononi maana mambo haya siwezi kuyaongea kwa simu, ukimaliza kusoma ichane.

Ile bangili ya shanga za rangi za upinde wa mvua uliyoisahau chini ya mto, nilikudanganya niliposema sijaiona. Niliiona. Nilikuwa nimeishika nikasikia jirani anabisha hodi amekuja kuchukua gauni yake ya kitenge, nikashikwa na woga nikaikata kwa mkasi hapo hapo, shanga zikamwagika chini ya cherehani nikazifunika na vipande vya vitambaa. Alipoondoka nililia sana mwanangu. Usiku nikaziokota moja moja kwa tochi ya simu.

Sasa nikasema kama kitu kidogo hivi kimenitetemesha, basi nikijue. Nikasoma. Kumbe bendera ya upinde wa mvua, ile ya watu wanaopenda wa jinsia yao, ni kazi ya fundi wa kushona kama mimi! Anaitwa Gilbert Baker, 1978 kule San Francisco, Marekani, yeye na wenzake walipaka vitambaa rangi kwa mikono yao wakashona. Zilikuwa rangi 8, nyekundu ni uhai, chungwa ni uponyaji, njano jua, kijani mimea na dunia. Halafu waridi ikatolewa sababu kitambaa cha rangi ile kilikuwa hakipatikani kwa wingi, na hapo nilimwelewa kabisa, mimi mwenyewe mara ngapi nabadilisha mshono wa mteja kwa sababu rangi imeisha sokoni. Mwaka uliofuata wakapunguza nyingine zikabaki 6, kama za shanga zako.

Lakini kilichoninyima usingizi ni pembetatu ya waridi. Wakati wa Hitler wanaume waliofungwa kambini kwa kosa la kupenda wanaume wenzao walishonewa kile kitambaa kwenye nguo ili kila mtu awajue, na wengi walifia mle. Miaka ya 1970 watu kama nyinyi wakakichukua wakakivaa wenyewe. Nikawaza yule aliyeshika sindano akashona alama ile kwenye shati la mtu, alikuwa anawaza nini, maana mimi mkasi wangu najua ulifanya nini.

Sikuambii uivae barabarani. Sheria ya Uganda ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja unaijua, ni kifungo cha maisha, na wakisema "unatangaza" ni mpaka miaka 20, na 2024 korti ya katiba ikaiacha sehemu kubwa isimame. Entebbe walifuta rangi za upinde wa mvua hata kwenye bustani ya watoto, rangi za Mungu za mvua na jua! Kwa hiyo nje jifiche mwanangu, nakuomba kwa magoti. Ila kwangu usijifiche tena. Ukiwa nyumbani kwangu ni mtoto wangu yule yule niliyembeba mgongoni nikishona.

Bangili nimeitunga upya kwa uzi wa nailoni, ule mgumu wa kushonea mikoba, iko ndani ya kopo la vifungo. Shanga moja ya zambarau sikuipata hata baada ya kufagia mara tatu, nimeweka kifungo kidogo cha rangi hiyo hiyo. Ukija Desemba utaniambia kama kinafaa.

Mama yako,
Arua